SOMO: UVUMI WA SIMU NA KAZI YA MWANDISHI WA HABARI



Somo letu la safari hii ni juu ya uvumi unaopita katika simu, na jinsi unavyoiharibu kazi ya waandishi wa habari. Pengine mtauliza, jambo hili lamhusu nini mchuma chai wa Teza, au mpakia magunia wa hapa Bujumbura? Lamhusu sana. Mwandishi wa habari naye ni mfanyakazi. Anachotengeneza ni habari iliyohakikishwa, na bidhaa hiyo ikikosekana, sisi ndio tunaouziwa mbovu.

Tukumbuke yaliyotokea hapa mjini. Kulikuwa na redio za binafsi ambazo watu walizipenda: Bonesha, RPA iliyoanza mwaka 2001, Isanganiro iliyoanza mwaka 2002. Mnyonge aliyeonewa alikuwa na mahali pa kwenda kusema. Januari 2015 mkurugenzi wa RPA, Bob Rugurika, alifungwa kwa sababu ya habari ambazo redio yake ilitangaza juu ya kuuawa kwa watawa watatu Waitaliani huko Kamenge. Alipotolewa mwezi uliofuata, watu walijaa barabarani kumpokea, na hakuna aliyewalipa.

Aprili 2015 yakaanza maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. Tarehe 13 Mei baadhi ya wanajeshi wakajaribu kuipindua serikali. Katika siku hiyo na iliyofuata redio zilishambuliwa: Rema, iliyokuwa upande wa chama kinachotawala, kisha RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance. Angalieni vizuri: wakubwa walipogombana, mitambo ya redio ilipigwa na pande zote mbili.

Mtu mwenye hofu hawezi kukaa bila habari. Redio ziliponyamaza, kila mmoja alishika simu. Aliyekuwa Musaga alitumiwa ujumbe juu ya Cibitoke, wa Cibitoke akatumiwa juu ya Musaga, na wote wawili hawakulala. Hata wenye mitambo mikubwa walinaswa. Januari 2016 televisheni ya France 3 huko Ufaransa ilionyesha picha za mauaji ya kutisha, ikasema ni Burundi. Zilikuwa za Nigeria. Televisheni hiyo iliomba radhi, lakini hasara ilikuwa imekwisha kufanyika.

Hasara gani? Hapo ndipo penye kiini cha somo hili. Mwezi mmoja kabla, tarehe 11 na 12 Desemba 2015, watu waliuawa kweli hapa mjini, katika mitaa kama Nyakabiga na Musaga. Picha moja ya uongo humpa anayetaka kuficha silaha nzuri sana. Atasema: mnaona, zote ni za uongo! Basi marehemu wa kweli huzikwa mara ya pili, na mwandishi aliyekwenda kuwahesabu huitwa mwongo pamoja na yule aliyekaa kitandani akisambaza.

Kazi yenyewe ni ya hatari. Tarehe 22 Oktoba 2019 kulisemwa kuna mapigano katika mkoa wa Bubanza. Katika simu kila mtu alikuwa na lake. Waandishi wanne wa gazeti la Iwacu walipanda gari kwenda kuona kwa macho yao. Walikamatwa pamoja na dereva wao, mfanyakazi kama sisi. Dereva aliachiwa baadaye. Wale wanne walihukumiwa miaka miwili na nusu, wakasamehewa Desemba 2020. Mwenzao wa gazeti hilo hilo, Jean Bigirimana, alitoweka Julai 2016. Na ile sendika yao, chama cha waandishi wa habari UBJ, ilisimamishwa na serikali Oktoba 2016. Anayetunga uvumi halipi nauli, hapandi mlima, hakamatwi. Ndiyo maana uvumi ni rahisi na unafika mbele.

Tusiseme simu ni adui. Mwezi ule ule wa Mei 2015 waandishi waliobaki bila redio walianzisha SOS Médias Burundi, wakapitisha habari zao kwa njia hizo hizo za intaneti. Chombo ni kimoja, tofauti ni nani amekwenda kuhakikisha.

Sasa turudi kazini kwetu. Katika kiwanda kimoja, jina tuliache, ilipita sauti ya simu ikisema kiwanda kitafungwa, na atakayetia sahihi karatasi ya kuacha kazi kabla ya Ijumaa ndiye atakayelipwa haki zake. Watu walitia sahihi. Kiwanda hakikufungwa. Walioondoka walikuwa wazee wa kazi, wenye mishahara mikubwa kidogo. Nani alifaidika? Swali hilo lingeulizwa siku ya kwanza, wangeweza kumtuma delege wao ofisini, kabla ya kuichukua kalamu.

Lakini kutoamini lolote nako ni hasara. Juni 2023 Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za 5,000 na 10,000 za toleo la zamani zinaondolewa, kwa muda wa siku kumi tu. Ilikuwa kweli. Aliyezoea kusema "hayo ni ya WhatsApp" angebaki na akiba ya karatasi chini ya godoro. Basi tuulize: nani ameona mwenyewe? Wapi, siku gani? Tangazo lina jina la nani? Na kama kuna redio au gazeti lililotuma mtu kuangalia, tulisikilize hilo kwanza, na tukiweza kulinunua tulinunue, kwa maana mwandishi asiyelipwa na wasomaji atalipwa na tajiri.

Kwa mazungumzo ya kikundi: kila mmoja achague ujumbe mmoja aliopokea juma hili juu ya mafuta, bei au mshahara, aueleze mbele ya wenzake. Kikundi kitafute aliyeuanzisha. Mtakapokwama njiani, andikeni mlikokwama, muilete karatasi hiyo kwa delege wenu.