Gari inakosa nguvu mlimani: tuanze kwa filitri, si kwa pompi

Safari hii tunasoma juu ya kamionete ya zamani ya mazutu, ile koperative nyingi ziko nayo. Kwenye tambarare inatembea vizuri. Ikipanda mlima na mifuko ya mahindi, inakosa nguvu, kiisha inazimika. Mara nyingi mutaambiwa: pompi ya mazutu imekufa. Inawezekana. Lakini pompi ni ya bei kali, na kasha ya koperative kabla ya mavuno munaijua wenyewe. Tupime kwanza vitu vya franga kidogo.

Mazutu tunayonunua njiani katika bidoni mara nyingi iko na maji na uchafu. Mufungue kifungio kidogo chini ya filitri, mupokee mazutu katika chupa inayoonyesha ndani, muache itulie. Maji ni mazito kuliko mazutu, yatakaa chini, mutayaona kwa macho. Kama yako, mumwage mpaka mazutu safi itoke, mubadilishe filitri, kiisha mupige pompi ndogo ya mkono mpaka iwe ngumu, ili hewa itoke.

Bado? Kuna jaribio moja tunalolipenda sana. Mufunge bidoni ya litre 5 ya mazutu iliyochujwa, juu kuliko moteri na mbali na bomba la moshi. Mupira mmoja utoke humo mpaka kwenye pompi, na ule wa kurudisha uingie humo pia. Mutoe hewa, muwashe, mukanyage gazi. Moteri ikivuta bila kukatika, ugonjwa haukuwa kwa pompi: mutafute katika tanki, filitri ao mipira. Mupira uliopasuka upande wa kunyonya hauvuji kila mara. Unaingiza hewa, ndiyo maana hamuoni hata tone chini.

Moshi nao unasema. Mweusi: mutazame filitri ya hewa, vumbi la barabara zetu linaiziba upesi. Wa bluu: moteri inakula oili. Mweupe wa asubuhi tu si kitu. Lakini ukiendelea moteri ikiwa moto, maji ya radiateri yanapunguka, na oili imekuwa kama chai ya maziwa, jointi ya kulasi imeungua, musiwashe tena. (Na radiateri musiifungue ingali moto.)

Kama yote haya ni mazuri, sasa pompi ishukiwe. Hata hapo, mumwombe fundi apime kwanza enjektere mbele yenu, na kipande cha zamani kirudi koperative.