Umeme wa umma ni amana: Somo la maji ya Same

 

Inasimuliwa kuwa Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyetawala kuanzia mwaka 99 hadi 101 Hijria, alikuwa usiku mmoja akishughulikia mambo ya umma kwa taa iliyowashwa kwa mali ya Baitul-mal. Mgeni wake alipobadili mazungumzo na kuanza kumuuliza habari zake binafsi na za familia yake, Khalifa aliizima taa ile na kuagiza iletwe ya kwake. Masheikh wetu hukitaja kisa hiki wanapokemea ufisadi. Leo napenda tukitazame kwa upande mwingine: huyu ni kiongozi aliyejua nishati ya umma inatumika kwa kazi gani na nani anailipia.

Je, ni viongozi wangapi wa miji yetu wanaojua hivyo? Ukimuuliza diwani barabara ngapi zimewekwa taa, atakujibu. Muulize taa hizo, ofisi za halmashauri na pampu za maji vimekula uniti ngapi mwezi uliopita, uone kama atakuwa na jibu.

Maji yanayopanda

Tuchukue mfano wa mji wa Same, mkoani Kilimanjaro. Same ipo chini ya Milima ya Upare, upande mkavu. Kule juu, katika msitu wa Shengena, kuna ukungu na mvua. Huku chini kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha kuna jua kali na vumbi. Kwa miaka mingi shida kubwa ya mji huu imekuwa maji.

Machi 9, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2014 na ukachukua zaidi ya miaka kumi. Maji yake yanatoka bwawa la Nyumba ya Mungu, ambalo lipo chini kuliko mji wa Same. Hapo ndipo penye somo letu. Wapare walizoea maji yanayoteremka kutoka milimani yenyewe, bila gharama ya mafuta wala umeme. Maji haya mapya yanapanda, na kinachoyapandisha ni pampu za umeme.

Hesabu yake si ngumu. Kupandisha lita 1,000 za maji kwa kimo cha mita 100 kunahitaji uniti 0.27 za umeme. Ukiongeza nguvu inayopotea kwenye pampu na mota, inafika kama uniti 0.4. Sasa chukulia bomba moja limepasuka mtaani na linamwaga lita 10 kwa dakika. Kwa siku ni lita 14,400, yaani karibu uniti 6 kwa kila mita 100 ambazo maji hayo yamepandishwa. Mteja mdogo wa TANESCO wa daraja la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, angekaa na uniti hizo zaidi ya siku mbili.

Kwa hiyo maji yanayovuja ni umeme unaovuja. Tena hasara hiyo ni mara mbili, kwa kuwa maji ya Nyumba ya Mungu huzungusha mtambo wa megawati 8 hapo bwawani, kisha hufuata Mto Pangani hadi kwenye mitambo ya Hale na New Pangani Falls. Katika uzinduzi huohuo Rais alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya Kanda ya Kaskazini, kwa sababu umeme unaosafirishwa kutoka mbali hupotea njiani. Serikali inahangaikia umeme unaopotea kwenye nyaya. Na unaopotea kwenye mabomba nani anauhangaikia? Ripoti za EWURA za miaka ya karibuni zimekuwa zikionesha kuwa zaidi ya theluthi ya maji yanayozalishwa na mamlaka za maji nchini haiingizi mapato, ama kwa kuvuja, kuibwa au ubovu wa mita. Anayebeba mzigo huo ni mwananchi: bomba likikauka, tajiri ana tangi nyumbani, maskini ananunua maji kwa ndoo.

Viongozi wafanye nini?

Kwanza, wapime. Kila pampu, kila ofisi na kila mstari wa taa za barabarani uwe na mita yake, na idadi ya uniti isomwe katika kikao cha baraza la madiwani kama zinavyosomwa fedha. Kisichopimwa hakina wa kukiulizia.

Pili, wazibe kabla ya kuongeza. Kabla ya kuomba pampu kubwa zaidi, mabomba yanayovuja yazibwe na pampu zilizochakaa zifanyiwe matengenezo, kwani pampu iliyochoka hula umeme uleule na kutoa maji kidogo.

Tatu, watumie matangi na saa. Hapa wazee wa Kipare wana la kutufundisha. Katika milima yao kuna ndiva, mabwawa madogo ya asili ambayo hujazwa usiku, na asubuhi maji yakafunguliwa mashambani kwa zamu. Mji nao unaweza kusukuma maji usiku wa manane hadi kwenye matangi, badala ya kushindana na majiko na televisheni za watu jioni. Watumiaji wakubwa wa umeme hulipia pia kiwango cha juu walichovuta kwa wakati mmoja, hivyo kupanga saa ni kupunguza ankara.

Nne, wabadilishe taa za barabarani na za ofisi ziwe za LED, na vibali vya ujenzi vidai madirisha ya kupitisha hewa na miti ya kivuli, ili nyumba za miji ya joto zisitegemee feni na viyoyozi mchana kutwa.

Misikiti nayo

Ndugu zangu Waislamu, tusiwanyooshee viongozi kidole kabla ya kujitazama. Ingia msikiti wowote mjini baada ya swala ya Isha. Feni zinazunguka juu ya mikeka isiyo na mtu, na bomba la udhu linadondoka usiku kucha. Ijumaa tunatangaza mchango wa Luku. Mtume (SAW), kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani chini ya lita moja ya maji, na aliagiza taa zizimwe watu wanapolala ili moto usije ukaunguza nyumba. Tulifuate agizo hilo pia kwa ajili ya mali ya waqfu.

Kubana matumizi hakuna maana ya kumnyima mtu haki yake. Suratul Furqan, aya ya 67, inawasifu wale wanaotoa bila israfu na bila ubakhili, wakawa katikati. Mji unaoziba mabomba yake unapata maji ya kumfikishia ambaye hajawahi kuyaona.

Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mkurugenzi ataulizwa kuhusu pampu, diwani kuhusu bomba la mtaa wake, na imamu kuhusu feni za msikiti wake. Basi tuanze kwa kuuliza wenyewe kabla ya kuulizwa.