Kiuno cha Suruali: Mavazi na Afya ya Mwanamume Mwenye Kazi Nyingi

Wanaume wengi wanaofanya kazi za kukaa huijua saizi ya suruali zao, lakini hawajui shinikizo lao la damu. Mhasibu, mwalimu au dereva wa gari la ofisi humtembelea fundi cherehani mara nyingi kuliko anavyomtembelea daktari, na aghalabu fundi huyo ndiye wa kwanza kugundua kwamba mwili umebadilika. Anaombwa apanue kiuno cha suruali, asogeze kifungo, aongeze kitambaa ubavuni mwa kaunda suti. Taarifa hiyo ni ya kitabibu, ingawa hakuna anayeiandika kwenye jalada la mgonjwa. Makala haya yanaeleza jinsi inavyoweza kutumika, na jinsi mavazi yenyewe yanavyoweza kumsaidia au kumzuia mtu asiye na nafasi kuushughulisha mwili wake. Yanawahusu wanaume wenyewe, na pia watumishi wa afya wanaowahudumia.

Suruali kama ushahidi

Mwaka 1953 mtafiti Jeremy Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya uchunguzi wa takriban wafanyakazi 31,000 wa usafiri wa London, wanaume wenye umri wa miaka 35 hadi 64. Mabasi mengi ya mji huo yalikuwa ya ghorofa. Dereva aliketi karibu muda wote wa zamu yake, ilhali kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, na imekadiriwa kwamba alikanyaga vidato 500 hadi 750 kwa siku moja ya kazi. Wawili hao walikuwa na mwajiri mmoja, walipita barabara zilezile na walivuta hewa ileile. Hata hivyo, madereva waliugua maradhi ya mishipa ya moyo zaidi kuliko makondakta. Makondakta walipougua, ugonjwa uliwajia wakiwa na umri mkubwa zaidi, na haukuwaua kwa kasi iliyoonekana kwa madereva.

Mwaka 1956 watafiti hao walirudi na ushahidi wa aina nyingine. Safari hii hawakumwita mtu yeyote kuja kupimwa. Walipekua kumbukumbu za sare ambazo wafanyakazi waligawiwa na mwajiri, wakakuta kwamba suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana kuliko za makondakta wa rika lao. Daftari la stoo ya nguo likawa chanzo cha takwimu za tiba.

Mtu makini atauliza: je, si kwamba wanaume wenye miili mikubwa ndio waliopenda udereva tangu mwanzo, na kwamba ni unene wao uliowaua, wala si kiti? Morris na wenzake walijiuliza swali hilohilo. Walipowagawa wanaume hao baadaye katika makundi ya wembamba, wa wastani na wanene, waliona kwamba katika kila kundi makondakta walikuwa na hatari ndogo ya kufa ghafla kwa maradhi ya moyo kuliko madereva. Kondakta mwenye kitambi alinufaika na ngazi zake.

Jambo hili lina uzito mkubwa katika kumshauri mgonjwa. Wanaume wengi huahirisha mazoezi kwa kuamini kwamba hayana maana mpaka kwanza kitambi kiondoke, au huyaacha baada ya mwezi mmoja kwa kuwa mizani haikusogea. Mwendo huulinda moyo hata pale kiuno kinapobaki kilivyo. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99. Umri wa mtu mmoja hauthibitishi chochote kitakwimu, lakini wasomaji wake hawakushindwa kuutaja.

Kitambi na namna ya kukipima

Mafuta ya mwili hayana athari sawa popote yalipo. Yale yaliyo chini ya ngozi ya mapaja na makalio hayana madhara makubwa. Yanayojikusanya ndani ya tumbo, kuyazunguka matumbo na ini, ndiyo yenye hatari: humwaga asidi za mafuta katika damu inayoelekea kwenye ini moja kwa moja, hudhoofisha utendaji wa insulini, na huambatana na shinikizo la juu la damu, kisukari cha aina ya pili na ini lenye mafuta. Kwa sababu hiyo mtu mwenye mikono na miguu myembamba, ambaye uzito wake hauonekani kuwa tatizo, anaweza kuwa hatarini kwa kitambi peke yake.

Katika jamii yetu kitambi kimebeba sifa isiyo yake. Huchukuliwa kuwa dalili ya cheo na ya nyumba yenye chakula. Kinyume chake, mwanamume anayepungua huulizwa anaumwa nini, na tangu miaka ya mwanzo ya janga la UKIMWI swali hilo limekuwa na mwiba. Mtumishi wa afya anayemwambia mgonjwa apunguze uzito bila kuligusa jambo hili humwachia mzigo wa kujieleza kwa ndugu na majirani. Ni vyema kumwandaa: aelezwe kwamba watu watasema, na afikirie mapema atakalowajibu.

Saizi iliyoandikwa kwenye lebo ya suruali haitoshi kuwa kipimo. Kitambi kinapokua, mwanamume huteremsha mkanda chini yake, na suruali ya inchi 34 huendelea kumtosha kwa miaka kumi huku tumbo likining'inia juu ya bakoli. Huyu ndiye hujigamba kwamba bado anavaa suruali aliyooa nayo. Kipimo sahihi hutumia futikamba ya fundi. Mtu asimame wima, nguo zikiwa zimeondolewa tumboni. Itafutwe ncha ya chini ya ubavu wa mwisho, kisha ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Futikamba ipite katikati ya alama hizo mbili, ikiwa sambamba na sakafu, bila kubana ngozi. Apumue nje taratibu, ndipo kipimo kisomwe. Wanaume wengi huvuta tumbo ndani bila kukusudia, hivyo inafaa kuwazungumzisha kidogo kwanza.

Kwa wanaume wa Afrika Kusini mwa Sahara, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari hutumia kikomo cha sentimita 94, yaani inchi 37. Kikomo hicho kimeazimwa kutoka kwa takwimu za Ulaya mpaka zitakapopatikana za kutosha kutoka kwetu, kwa hiyo kichukuliwe kuwa mwongozo, wala si ukuta. Asiye na futikamba anaweza kutumia kamba ya kawaida. Akate kamba yenye urefu sawa na kimo chake, aikunje mara mbili, kisha aizungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya kimo. Kwa mtu wa sentimita 170 nusu hiyo ni sentimita 85, kipimo kikali kuliko kile cha kwanza, na kwa hiyo ni onyo la mapema zaidi. Yeyote anayevuka kimojawapo apimwe shinikizo la damu na sukari, hata kama hajisikii vibaya, kwani maradhi haya mawili hukaa mwilini kwa miaka mingi yakiwa kimya.

Mkanda husema pia upande wa pili. Mwanamume anayelazimika kutoboa tundu jipya kuelekea ndani, ilhali hajabadilisha chakula wala mazoezi, asijipongeze. Kifua kikuu, kisukari, maambukizi ya VVU na baadhi ya saratani huanza hivyo. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, kiu isiyokwisha na kukojoa mara kwa mara vikiambatana na suruali inayopwaya, aende kituo cha afya wiki hiyohiyo. Katika chumba cha daktari, swali "Suruali hii uliinunua lini, na wakati huo ilikukaaje?" huleta jibu la kweli kuliko "Uzito wako ulikuwa kiasi gani mwaka jana?" Uzito husahaulika, lakini suruali mtu huivaa kila siku.

Nguo inayobana

Kuvaa vizuri, kwa maana ya tiba, ni kuvaa nguo inayoutosha mwili wa leo. Mkanda uliokazwa juu ya kitambi huongeza shinikizo ndani ya tumbo na kuisukuma asidi ya tumbo kwenye umio. Wapo wanaomeza dawa za kiungulia kila jioni ambao wangepata nafuu kwa kulegeza tundu moja. Mkanda huohuo huweza kuukandamiza mshipa wa fahamu unaopita kwenye nyonga, paja likafa ganzi au likawaka moto upande wa nje. Mgonjwa huogopa kiharusi, na anastahili kuchunguzwa, lakini mkanda usisahaulike. Kola iliyobana pamoja na tai iliyokazwa huongeza shinikizo ndani ya jicho, jambo linalomhusu hasa mwenye glakoma. Kidole kimoja kipite bila taabu kati ya kola na shingo.

Wenzetu wa kliniki nasi tuna la kujirekebisha. Mkono wa shati ukikunjwa ukawa kama kamba juu ya kiwiko, usomaji wa shinikizo la damu huharibika. Shati livuliwe mkono huo. Mgonjwa aketi dakika tano, ameegemea, miguu haijapishana, na kitambaa cha mashine kilingane na unene wa mkono, kwa kuwa kitambaa kidogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu isiyo ya kweli. Mtu aweza kuanzishiwa dawa za maisha kwa kosa la namna hiyo.

Viatu

Kiatu ndicho vazi linaloamua kama mtu atatembea au atapanda bodaboda. Kiatu cha ngozi chenye ncha nyembamba hupendeza chini ya meza ya mkutano, lakini hakimpeleki mtu kituo cha pili cha daladala. Viatu vinunuliwe jioni, wakati miguu imevimba kidogo, na vijaribiwe vyote viwili mtu akiwa amesimama. Kiatu cha mtumba kikaguliwe ndani kwa vidole, kwa sababu soli yake imekwisha kuchongwa na unyayo wa mtu mwingine. Kwa mwenye kisukari jambo hili ni zito. Mishipa ya fahamu ya miguu inapopoteza hisia, mtu huweza kutembea kutwa nzima juu ya msumari au kijiwe bila kujua, na kidonda kilichoanzia hapo kikaishia kwenye kukatwa mguu. Aukung'ute kila kiatu kabla ya kuuingiza mguu, avae soksi safi, na jioni atazame nyayo zake kwa kioo au amwombe mkewe au mtoto amtazamie.

Muda

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Mwendo wa wastani ni ule unaomruhusu mtu kuzungumza lakini si kuimba. Zamani ilishauriwa kwamba vipindi vifupi kuliko dakika kumi visihesabiwe. Mwongozo wa mwaka 2020 uliliondoa sharti hilo. Ngazi za ghorofa tatu sasa zinahesabika, sawa na zilivyohesabika kwa kondakta wa London.

Kizuizi kikubwa katika miji ya pwani si uvivu. Mwanamume aliyevaa koti na tai saa mbili asubuhi mjini Dar es Salaam au Mombasa hawezi kutembea dakika ishirini akafika ofisini akiwa anatazamika. Ndiyo maana mavazi na mazoezi ni shauri moja. Shati jepesi la pamba au la kitenge, lisiloshika mwili, humruhusu mtu kutembea. La tetroni humnyima. Viatu vya heshima vyaweza kukaa chini ya meza ofisini, na vile vya raba vikatumika njiani. Aidha, si lazima atembee asubuhi. Atembee jioni, akishuka vituo viwili kabla ya nyumbani, wakati jasho halimwaibishi mtu na maji ya kuoga yako karibu. Pale ambapo barabara haina njia ya waenda kwa miguu au giza halina usalama, kuchuchumaa na kusimama mara kumi na tano, kusukuma ukuta kwa mikono, na kurudia mara tatu chumbani kwaweza kutosheleza sehemu ya misuli.

Anayeanza baada ya miaka mingi ya kukaa aanze kwa dakika kumi na kuongeza polepole. Maumivu au uzito wa kifua unaokuja anapopanda kilima na kutulia anaposimama si uchovu wa kawaida. Asitishe mazoezi na amwone daktari upesi. Maumivu hayo yasipotulia kwa mapumziko, apelekwe hospitali mara moja. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi aulize kwanza kuhusu dozi na saa ya kula, na kila anapotoka kutembea awe na kitu chenye sukari mfukoni.