Nyumba ya Safu: Bei Iliyolipwa na Bei Iliyokisiwa

Mthamini anajibu barua za wasomaji wanaonunua au kuuza nyumba za safu, zile zilizoshikana ukuta kwa ukuta, huko England na Wales.

Tovuti moja inasema nyumba yangu ni pauni 285,000, nyingine 262,000, na dalali anataja 240,000. Nimwamini nani? (Barua za namna hii zimekuwa nyingi, nazijibu kwa pamoja.)

Kati ya hao watatu, ni dalali peke yake anayeweza kuwa ameingia ndani. Tovuti zinapiga hesabu tu: programu huchukua bei ya mara ya mwisho nyumba ilipouzwa, huisogeza mbele kwa kufuata mwendo wa bei za eneo hilo, kisha huirekebisha kwa mauzo ya karibuni ya majirani. Malighafi yao kubwa ni moja, nayo ni rekodi zinazotolewa bure na HM Land Registry, kuanzia Januari 1995. Rekodi hizo nazithamini sana, kwa sababu ni ushahidi: fedha hizo zililipwa kweli, tarehe ile, kwa nyumba ile. Lakini ni ushahidi usiosema mengi. Unataja bei, tarehe, anwani, aina ya nyumba, kama ilikuwa mpya, na kama ardhi inamilikiwa moja kwa moja au kwa mkataba wa pango. Hautaji idadi ya vyumba wala jiko jipya, sembuse paa linalovuja. Baadhi ya tovuti huongeza ukubwa wa nyumba kutoka kwenye cheti cha matumizi ya nishati, ila cheti hicho hudumu miaka 10, na chumba kilichoongezwa katikati hakimo. Kila programu huziba mapengo hayo kwa njia yake. Pauni 23,000 zinazotenganisha tovuti zako mbili zinakuonyesha jinsi zisivyoijua nyumba yako.

Jirani wa ukuta mmoja ameuza kwa 300,000. Nyumba zetu ni pacha. Kwa nini yangu ipungue?

Hakuna dhana inayonikera kuliko hii, na nyumba za safu ndizo huizalisha. Nyingi zilijengwa baada ya Sheria ya Afya ya Umma ya 1875, kwa kanuni za miji zilizopanga upana wa barabara na nafasi ya uwanja wa nyuma, ndiyo maana mtaa mzima unafanana ukiutazama kutoka barabarani. Tangu hapo zaidi ya miaka 100 imepita, na kila nyumba imepitia mikono yake. Huyu amejenga chumba darini kwa kibali, yule amefanya hivyo kimyakimya. Mmoja ameondoa nguzo ya bomba la moshi chini na kuliacha bomba lenyewe likining'inia juu bila mhimili. Mwingine ameng'oa vigae vyepesi vya mawe akaweka vya zege, na sasa paa linabonyea. Kuta za zamani za matofali yasiyo na uwazi katikati huhitaji kupumua. Zikipakwa saruji nje, unyevu hubaki ndani. Hayo yote hayaonekani kwenye anwani.

Kuna na hati. Katika miji mingi ya kaskazini-magharibi mwa England, nyumba za safu ziko kwenye mikataba ya pango ya miaka 999, na jirani yako huenda alishanunua ardhi yake huku wewe bado. Penye kichochoro cha kupitia kati ya nyumba mbili, chumba kilicho juu yake ni cha mmoja tu. Tena nyumba ya mwisho wa safu, yenye ukuta mmoja huru na pengine upenyo wa pembeni, huandikwa kwenye rekodi kwa aina ileile ya "safu" kama ya katikati. Programu haiwezi kuzitofautisha kwa rekodi hiyo, lakini mnunuzi akifika huiona tofauti hiyo papo hapo.

Msomaji ataniuliza: basi bei ya jirani haina maana? Ina maana kubwa, maana ndiyo shahidi wa kwanza ninayemwita. Ila shahidi huhojiwa. Tafuta mauzo matatu au manne ya mwaka huu mtaani, kisha toa na ongeza kwa kila tofauti. Kumbuka pia kwamba bei hukubaliwa miezi kadhaa kabla ya uhamisho, na rekodi huchelewa tena, kwa hiyo hata bei "mpya" ni ya soko lililopita.

Iliuzwa 2009 kwa nusu ya bei anayotaka muuzaji leo. Ananiibia?

Mwaka 2009 soko lilikuwa limeanguka. Uliza majirani wameuza kwa ngapi mwaka huu.

Nyumba haina historia yoyote ya mauzo. Hati ni mbovu?

Si lazima. Pengine haijauzwa tangu 1995. Zawadi, uhamisho kwa amri ya mahakama, na nyumba za halmashauri zilizouzwa kwa punguzo kwa wapangaji wake haziingizwi kwenye rekodi hizo. Hati ni jambo jingine: nunua nakala yake kwa pauni chache kutoka HM Land Registry yenyewe.

Kundi la kodi ya halmashauri linaonyesha thamani?

Kwa England, linaonyesha thamani ya tarehe 1 Aprili 1991.

Kuna mtu kwenye WhatsApp anauza "historia kamili ya siri" ya nyumba yoyote.

Anakuuzia kitu cha bure. Mzuie.

Kompyuta haina tamaa, dalali anayo. Tena benki nazo hutumia programu. Kwa nini unazipinga?

Kuhusu dalali nakubali: wapo wanaotaja bei kubwa ili wapewe kazi, halafu wakaishusha baada ya wiki sita. Na kwa maelfu ya nyumba, makosa ya programu hufidiana. Wewe unauza moja. Zillow ya Marekani, yenye takwimu ambazo sote hatuna, ilijaribu kununua nyumba kwa kutegemea makadirio yake. Novemba 2021 ilitangaza kufunga biashara hiyo na kupunguza takribani robo ya wafanyakazi, ikisema bei hazikutabirika. Benki nayo hukopesha sehemu tu ya bei, na amana yako ndiyo humeza kosa la kwanza.

Makadirio ya benki, kwa hiyo, huilinda benki. Mlipe mthamini aliyesajiliwa na Royal Institution of Chartered Surveyors, aingie ndani, apande darini, aandike ripoti kwa jina lako, na yote yafanyike kabla ya kubadilishana mikataba. Ukijitoa baada ya hapo, kwa kawaida unapoteza amana ya asilimia 10.