Dawa Yenye Miali Inayoitafuta Kansa

Umesikia habari za Shinkolobwe, karibu na Likasi. Madini yake yalivumbuliwa mwaka 1915. Tangu 1922, huko Olen, Ubelgiji, yalitolewa radiumu. Waganga waliitia ndani ya sindano ndogo, wakazichomeka katika uvimbe, ili miali yake iue kansa.

Lakini kuna kansa ambayo sindano haiifikii. Tazama tezi ya shingo. Tezi hii huvuta iodini kutoka damuni, ile iliyomo katika chumvi. Kansa yake mara nyingi huivuta vilevile, hata ikiwa imehamia mapafuni. Basi mgonjwa hukatwa tezi kwanza, kisha humeza iodini yenye miali, iodini 131. Nayo huenda yenyewe mpaka ilipo kansa. Kila siku 8 nguvu yake hupungua nusu.

Mama, siku za kwanza usimbebe mtoto mgongoni, wala usilale naye. Miali hutoka mwilini mwako, na dawa hutoka katika mkojo na mate. Ni vigumu, najua, atalia. Mwachie nkambo wake. Mwenye mimba hapewi dawa hii kamwe, na anayenyonyesha huachisha kwanza, majuma kadhaa mbele.

Je, jiwe la Shinkolobwe laweza kuponya uvimbe? Hapana! Usilifunge shingoni, usilisage ukanywa. Miali yake haichagui. Huumiza mwili mzima. Serikali ilikataza kuchimba huko mwaka 2004.

Na uvimbe wa shingo mara nyingi ni rovu tu, si kansa. Njoo upimwe ungali mdogo.