Kabla Kijiko Hakijagusa Tope: Somo kuhusu Kuwashirikisha Wakazi katika Kusafisha Mito



Mto unapochafuka, macho yetu hukimbilia maji. Yakiwa na rangi tunanung'unika. Yakirudi kuwa maangavu tunasema mto umepona na kuendelea na shughuli zetu. Somo la toleo hili linahusu sehemu ya mto ambayo wengi wetu hatuitazami: mashapo, yaani tope, mchanga na udongo mwororo unaotua chini ya maji. Humo sumu huweza kukaa miaka mingi baada ya aliyeimwaga kuhama.

Somo limeandaliwa kwa kuwa kata nyingi za wilaya zenye uchimbaji mdogo wa dhahabu hupitiwa na vijito vinavyopokea maji kutoka kwenye mialo ya kuchenjulia. Iko siku mkazi wa kata kama hiyo ataitwa mkutanoni na kuulizwa: tope hili lifanywe nini? Ni vema aingie mkutanoni akiwa anaelewa swali lenyewe.

Sumu hufikaje kwenye tope?

Mchenjuaji hutumia zebaki kunasa chembe za dhahabu. Sehemu ya zebaki hiyo huruka kama mvuke wakati wa kuchoma, na huyo anayechoma ndiye wa kwanza kudhurika. Sehemu nyingine hubaki katika marudio na maji machafu. Mvua ikinyesha, marudio yaliyorundikwa kandokando huteremka hadi mtoni. Zebaki ni nzito, nayo hujishikiza kwenye chembe ndogo za udongo. Kwa hiyo hutua pale maji yanapopunguza mwendo: kwenye kona za mto, mabwawa, majaruba ya mpunga na midomo ya mito inapoingia ziwani.

Ndani ya tope lisilo na hewa ya kutosha, vijidudu huigeuza zebaki kuwa aina nyingine iitwayo methili-zebaki. Aina hii huingia katika viumbe wadogo, kutoka kwao kwenye samaki wadogo, kisha kwenye samaki wakubwa, ikizidi kujilimbikiza kila hatua. Mwisho wa mnyororo huo ni sahani ya ugali na samaki. Mama mjamzito akila samaki wenye sumu hiyo, humfikia mtoto tumboni na kuathiri ubongo wake. Sumu hii haina ladha wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi.

Funzo kutoka Minamata

Mji wa Minamata uko katika mkoa wa Kumamoto nchini Japani. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1968, kiwanda cha kemikali cha kampuni ya Chisso kilitumia zebaki katika uzalishaji wake na kumwaga majitaka baharini. Wavuvi walianza kuona paka wakiyumba kama waliolewa. Tarehe 1 Mei 1956 iliripotiwa rasmi kwamba watu walikuwa wanaugua maradhi ya ajabu ya neva: mikono kufa ganzi, macho kupungua nuru, ulimi kuwa mzito. Serikali ilitangaza chanzo cha maradhi hayo mwaka 1968, miaka 12 baadaye, na katika muda wote huo watu waliendelea kula samaki.

Kiwanda kiliacha kumwaga zebaki, lakini tope la ghuba lilibaki na sumu. Mwaka 1977 kazi ya kuliondoa ilianza. Desemba ya mwaka huohuo, wakazi walikwenda mahakamani kuomba kazi isimamishwe. Hawakuwa wanapinga usafi wa ghuba yao. Hofu yao ilikuwa kwamba kulichokonoa tope kungeirudisha zebaki majini na kuwaumiza mara ya pili. Watu waliokwisha kuambiwa kwa miaka mingi kwamba hakuna tatizo hawakuwa na sababu ya kuamini haraka walipoambiwa kwamba safari hii mambo yangekuwa salama. Kazi ilisimama kwa zaidi ya miaka miwili, mpaka Aprili 1980 mahakama ilipolikataa ombi lao.

Kazi ilikamilika mwaka 1990. Takribani mita za ujazo milioni 1.5 za tope lenye zebaki zilishughulikiwa: sehemu ilinyonywa kwa mashine zilizochaguliwa ili zisitibue sana maji, na sehemu ikafukiwa palepale. Eneo la hekta 58 lilizungushiwa kuta za chuma, likajazwa tope hilo, likafunikwa kwa turubai maalumu na udongo safi juu yake. Leo ni bustani ya umma. Wavu uliowekwa kuzuia samaki wa ghuba wasitoke uliondolewa mwaka 1997, baada ya vipimo kuonyesha kuwa samaki ni salama.

Jina la mji huo ndilo lililopewa Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki, uliopitishwa mwaka 2013. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Mfano wa pili unatoka Mto Hudson, jimbo la New York nchini Marekani, ambako viwanda viwili vya kampuni ya General Electric vilimwaga kemikali za aina ya PCB kwa takribani miaka 30, hadi 1977. Serikali iliamua mwaka 2002 kwamba tope lichimbwe. Kabla ya mashine kuingia mtoni mwaka 2009, mamlaka iliweka viwango vya kulinda maisha ya watu wa kandokando: kelele, mwanga wa taa za usiku, harufu, hali ya hewa na usafiri wa vyombo majini. Mambo haya hayaonekani katika maabara. Anayeyajua ni yule atakayelala karibu na mashine.

Njia tatu za kushughulikia tope

Mkazi anapaswa kuzijua njia zilizopo, kwa kuwa kila moja ina gharama yake.

1. Kuchimba na kuondoa. Sumu hutoka mtoni moja kwa moja. Hatari yake ni kutibua maji wakati wa kazi, na swali gumu linalofuata: tope lipelekwe wapi? Tope lililotolewa kijiji kimoja na kumwagwa karibu na kisima cha kijiji kingine halijasafisha kitu.

2. Kufunika palepale. Tope hufunikwa kwa tabaka la mchanga safi, kokoto au turubai maalumu. Gharama huwa ndogo na maji hayatibuliwi sana. Hata hivyo, mto wenye mafuriko makali ya masika huweza kulichimbua tabaka hilo, na mtu anayechota mchanga wa kujengea huweza kulivunja kwa siku moja.

3. Kuacha mto ujifukie wenyewe huku vipimo vikiendelea. Tope safi huteremka na kulifunika lile chafu. Njia hii hufaa pale sumu ilipo kidogo, nayo huchukua miaka mingi. Katika miaka hiyo, wakazi wanapaswa kujua ni samaki gani wasile na ni wapi wasioge.

Njia zote tatu zina sharti moja: chanzo kizibwe kwanza. Kusafisha mto huku marudio yakiendelea kuteremka ni kuteka maji kwa pakacha.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria hiyo na kanuni zake zinataka mradi unaoweza kuathiri mazingira kwa kiasi kikubwa ufanyiwe tathmini kabla ya kuanza, na wananchi wanaoguswa wasikilizwe. Kifungu cha 57 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa, bwawa au bahari. Kwa hiyo, hata mahali pa kulaza tope lililochimbwa si jambo la kuamuliwa na dereva wa lori.

Katika kijiji, chombo kikuu ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake. Huko ndiko hoja huanzia, kisha hupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata na Baraza la Madiwani.

Mkutano wa kweli na mkutano wa jina

Hapa inatupasa kusema wazi, hata kama sisi watumishi ndio tutakaoulizwa. Mkutano unaoitishwa baada ya mkandarasi kusaini mkataba ni taarifa. Haustahili kuitwa ushirikishwaji. Vilevile, karatasi ya mahudhurio huonyesha kwamba ulifika tu. Saini ya mahudhurio si saini ya kukubali, na mkazi ana haki ya kuuliza inakwenda kutumiwa kwa ajili gani kabla hajaiweka.

Mkutano wa kweli hutambulika kwa dalili hizi:

• Tangazo hutolewa mapema, kwenye ubao, msikitini, kanisani na kwa mgambo, na siku yake haigongani na mnada au gulio.

• Matokeo ya vipimo husomwa kwa Kiswahili chepesi, pamoja na ramani inayoonyesha kitongoji kwa kitongoji.

• Njia zaidi ya moja huletwa mbele ya watu, zikiwa na faida na hasara zake.

• Wanaoteka maji, wavuvi, wafugaji, wakulima wa bustani na wachenjuaji wenyewe husikilizwa. Mchenjuaji akitengwa, atahamishia mwalo wake kijito cha pili. Wanawake wasiozoea kusimama mbele ya umati hupewa kikao chao.

• Maoni huandikwa, na wakazi hurudishiwa majibu: lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa, na kwa sababu gani.

Dalili hiyo ya mwisho ndiyo hupuuzwa zaidi. Mtu aliyetoa maoni mara mbili bila kurudishiwa jibu, mara ya tatu hubaki shambani kwake, na hatuna haki ya kumlaumu.

Unachokijua wewe ambacho mtaalamu hakijui

Mtaalamu huja na chupa za sampuli na mashine ya kupimia. Hajui kwamba zamani mto ulipita nyuma ya shule kabla ya mafuriko kuuhamisha. Hajui mwalo wa kwanza ulikuwa wapi, wala nani aliyafukia marudio yake na kujenga nyumba juu. Hajui watoto huogelea kona ipi, ng'ombe hunywa wapi, na ni mwezi gani kambare huvuliwa kwa wingi. Sampuli ikichukuliwa mahali pasipofaa, majibu yatasema mto ni salama, na tope lenye sumu litabaki hatua 200 kutoka hapo. Mzee anayekumbuka mkondo wa zamani anaweza kuokoa fedha nyingi kwa kunyoosha kidole tu.

Maswali ya kwenda nayo mkutanoni

1. Vipimo vilichukuliwa wapi, lini, na kwa kina gani cha tope?
2. Chanzo cha sumu kimezibwa? Nani anathibitisha?
3. Tope litalazwa wapi, na kijiji hicho kimeulizwa?
4. Wakati wa kazi tutapata wapi maji ya kunywa na ya mifugo?
5. Nani atapima maji na samaki kazi ikiendelea, na majibu yatabandikwa wapi?
6. Vipimo vikipanda ghafla, nani mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi?
7. Baada ya mkandarasi kuondoka, nani atalinda eneo, na kwa miaka mingapi?

Tunapendekeza maswali haya yasomwe na kujadiliwa katika vikao vya vitongoji na vikundi vya kuweka na kukopa, na katika madarasa ya juu ya shule zetu. Mwenye swali la nyongeza, au anayejua mahali palipokuwa na mwalo wa zamani, afike ofisi ya Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, na ahakikishe maelezo yake yanaandikwa mbele yake.

Wakazi wa Minamata walikwenda mahakamani kwa kuwa imani ilikuwa imekwisha kabla ya mashine kuwasili. Sisi bado tunaweza kuanza na mazungumzo.

Limeandaliwa na Kitengo cha Mawasiliano cha Halmashauri.