Pikipiki ya Kikundi: Tuangalie Injini Kabla ya Rangi

Ndugu zetu wa vikundi vya mwethya, ndengu zikishauzwa na pesa kuhesabiwa mbele ya wanachama, siku hizi kuna pendekezo moja ambalo halikosi: tununue pikipiki. Itabeba maji, itapeleka magunia soko la Zombe au Kathonzweni, na siku ambayo hakuna mzigo itabeba abiria na kuleta pesa. Ni wazo zuri. Lakini katika kutembelea vikundi tumeona kwamba mjadala huwa mkali juu ya jina, rangi na bei, na injini, ambayo ndiyo hasa mnayoinunua, haiguswi. Somo hili ni la injini na la hesabu.

Zamani pikipiki kwetu ilikuwa ya padre, ya bwana kilimo au ya mtu wa mifugo. Nyingi zilikuwa Yamaha na Suzuki kutoka Japani. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, na hapo ndipo pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipojaa, kuanzia Mwingi mpaka Mtito Andei. Kodi zimebadilika mara kadhaa tangu hapo, lakini pikipiki zilibaki.

Kwanza tuelewane juu ya cc. Hiyo ni nafasi ambayo pistoni inapitia ndani ya silinda. Cc 125 ni moja ya nane ya lita, yaani nusu ya kikombe cha robo lita. Ndani ya nafasi ndogo hivyo petroli na hewa vinawaka maelfu ya mara kwa dakika, na ndiyo nguvu inayopandisha magunia mawili na dereva kwenye mlima. Nafasi ikiwa kubwa nguvu huongezeka, na kiu ya petroli pia. Lakini pikipiki mbili za cc sawa zaweza kuwa na tabia tofauti kabisa, kwa sababu zimeundwa tofauti ndani.

Injini za zamani nyingi zilikuwa za mipigo miwili. Hazina vali. Oili huchanganywa na petroli na yote huungua pamoja, ndiyo sababu ya ule moshi wa buluu. Vyuma vyake ni vichache na zina nguvu, lakini zinakunywa sana, na kijana akijaza petroli akasahau oili, pistoni hushika siku hiyo hiyo. Ukiiona mnadani kwa bei ya kuvutia, uliza spea zitatoka wapi kabla hujatoa hata shilingi.

Karibu zote za dukani sasa ni za mipigo minne: pistoni inavuta, inakandamiza, moto unawaka na kuisukuma, kisha inatoa moshi. Oili hukaa chini peke yake. Vali mbili, ya kuingiza na ya kutoa, hufunguliwa na kamshafti, na tofauti kubwa iko mahali ilipo hiyo kamshafti.

Katika aina ya kwanza iko chini, karibu na kranki, na inazungushwa na meno ya gia. Inasukuma vijiti viwili virefu vinavyopanda juu kufungua vali. Mafundi wetu huviita pushirodi. Mama wa injini hii ni Honda CG125 ya mwaka 1976. Kampuni hiyo ilikuwa imeona kwamba wateja wa nchi kama zetu hubeba mizigo mizito, hupita kwenye vumbi, na hawaendi kwa fundi mpaka pikipiki ikatae kabisa. Kwa hiyo waliondoa cheni ya ndani, ambayo hulegea na kuhitaji kuangaliwa, wakarudi kwenye vijiti. Baadaye viwanda vya China viliiga mtindo huo, na pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 na 150 tunazoziona hapa ni wajukuu wake.

Katika aina ya pili kamshafti iko juu, kwenye silinda hedi, na inazungushwa na cheni ya ndani inayoitwa taiming cheni. Bajaj Boxer na TVS HLX kutoka India ni za aina hii. Vyuma vinavyopanda na kushuka ni vichache, kwa hiyo inazunguka laini, haina kelele nyingi za tapeti, na kwa kawaida haili petroli sana. Shida yake ni mbili. Taiming cheni hurefuka kwa kutumika. Ukisikia mlio wa kukwaruza upande wa silinda, usiongeze hata wiki moja. Tena, oili lazima ipande mpaka juu. Ikipungua, kamshafti ndiyo hukauka mapema, na kubadilisha hedi si kazi ya mia mbili.

Je, ipi ni bora? Fundi wa pushirodi atawaambia yake ni ngumu kama jembe, na wa Boxer atacheka. Sisi tunaona wote wana haki kidogo. Ile ya vijiti husamehe uzembe zaidi na hufunguliwa chini ya mwembe kwa spana chache. Lakini injini nzuri ya kuiga yaweza kufungwa kwenye fremu hafifu, na kwenye barabara za mawe tumeona rimu na shokabsoba zikichoka wakati injini bado ni nzima. Kwa hiyo tazameni pia maungio ya fremu, spoki na keria. Jina kwenye tangi halitoshi.

Sasa hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, wekeni zenu. Tuseme pikipiki A ni shilingi 105,000 na inaenda kilomita 35 kwa lita. Pikipiki B ni 165,000 na inaenda kilomita 50 kwa lita. Petroli tuseme ni 180 kwa lita.

Kikundi cha kwanza kinataka bodaboda ya kila siku kando ya barabara kuu, pale Emali au Makindu. Itaenda kilomita 80 kwa siku, siku 25, jumla kilomita 2,000 kwa mwezi. A itakunywa lita 57, B lita 40. Tofauti ni lita 17, yaani shilingi 3,060 kila mwezi. Zile 60,000 za ziada zitarudi kwa miezi 20 hivi. Baada ya hapo B inawalipa.

Kikundi cha pili kiko ndani kule Mutha. Kinataka kubeba maji na mavuno ya wanachama, kilomita 500 kwa mwezi, zaidi haiendi. A itakunywa lita 14 na kidogo, B lita 10. Tofauti haifiki shilingi 800. Itachukua zaidi ya miaka sita kurudisha zile 60,000. Watu husema rahisi ni ghali. Kwa kikundi cha pili si kweli, mradi tu spea za A zipatikane karibu.

Hiyo mradi ndiyo yenye uzito. Kabla ya kununua, tumeni watu wawili sokoni kwenu, si Nairobi, waulize bei ya vitu vitano: pistoni na ringi zake, sahani za klachi, kebo ya klachi, cheni na sproketi, na kabureta. Waulize pia ni mafundi wangapi pale wameshafungua injini ya aina hiyo. Pikipiki inayongoja spea ya Nairobi wiki mbili wakati wa mavuno imekula faida ya msimu. Na kilomita kwa lita msiamini karatasi ya dukani. Ombeni jirani mwenye pikipiki kama hiyo ajaze tangi, aende kilomita 50 kwenye barabara yenu na mzigo wenu, ajaze tena, mhesabu.

Juu ya mkopo tutasema kidogo ingawa machozi mengi yako hapo. Tuseme mnatoa kianzio 20,000 kwa ile B, kisha 450 kila siku kwa miezi 18. Siku 540 mara 450 ni 243,000; pamoja na kianzio ni 263,000. Ni 98,000 zaidi ya bei ya pesa taslimu, karibu bei ya ile A nyingine. Tunajua kikundi kimoja cha akina mama kilicholipa zaidi ya mwaka, mvua zikakosa, na pikipiki ikachukuliwa wakati ikibaki miezi michache. Wanachama 20 wakichanga 500 kila mwezi, kwa miezi 11 wana 110,000. Inachosha kungoja, lakini hakuna atakayekuja kuichukua usiku.

Siku ya kununua, linganisheni namba ya chesisi na ya injini na zile za karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Ulizeni mapema kama inaweza kuandikishwa kwa jina la kikundi, kwa cheti chenu cha usajili na PIN ya KRA. Ikiandikwa kwa jina la mwenyekiti, basi mbele ya sheria ni ya mwenyekiti. Katika bei ongezeni bima, leseni ya dereva, helmeti na jaketi za kung'aa kwa dereva na abiria wake. Sheria inaruhusu abiria mmoja.

Baada ya hapo adui ni vumbi na oili chafu. Oili ya kwanza imwagwe baada ya kilomita 500 hivi, kisha mfuate kitabu cha pikipiki, na kwenye vumbi letu msingoje mpaka mwisho wa kipimo. Ni kama lita moja tu. Chujio la hewa la sponji lioshwe kwa maji ya sabuni, likauke, lipakwe oili kidogo. La karatasi lipigwe taratibu vumbi litoke, lisioshwe. Fundi akiwaambia alitoe ili pikipiki ipate nguvu, mkatalieni kwa heshima. Vumbi likiingia kwenye silinda husaga ringi kama msasa, na hapo hakuna tofauti kati ya Mchina na Mhindi.

Maswali ya kujadili kikundini

Pikipiki yetu itaenda kilomita ngapi kwa mwezi, kwa ukweli? Fanyeni hesabu ya A na B kwa bei za soko lenu.

Nani ataandika kilomita, petroli na oili kwenye daftari kila jioni, na nani atamkagua?

Dereva akiwa mtoto wa mwanachama, nani atakuwa na uwezo wa kumwondoa?